Alama Tisa za Baba

Jumapili, 9 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: nilimpa baba alama tisa kwa kumi, na wakati nazitamka nilijua ni uongo.

Niandike kwa utaratibu, daftari hili halina haraka. Kila Jumamosi saa moja jioni tunatazama *Zamu Yako*, kile kipindi ambacho mtu yeyote anaweza kusimama mbele ya majaji watatu na kuonyesha alichonacho. Mimi nakaa kwenye mkono wa kochi na daftari la alama. Mshiriki akimaliza, kabla majaji hawajasema kitu, baba anapunguza sauti ya televisheni na kusema, "Jaji, soma." Nasoma. Kwa miaka miwili sijampa mtu zaidi ya saba. Yule mzee aliyepiga filimbi kwa pua nilimpa moja, nikaongeza: "Pua irudi kwenye kazi yake." Baba alicheka mpaka akateleza kwenye zulia.

Shuleni sisemi. Mwalimu akiniuliza swali najibu kwa sauti ndogo mpaka anauliza nani amejibu. Lakini nyumbani mimi ni Jaji, na maneno yangu mengi nimejifunza kwa Jaji wa Miwani, yule wa katikati, ambaye mshiriki akiboronga humuuliza taratibu, "Nani alikuambia unaweza?" Swali hilo nalipenda kuliko yote. Nalisubiri wiki nzima.

Baba ni fundi wa makochi. Karakana yake imeshikana na ukuta wa chumba changu, na vitabu vyangu vyote nimevisoma huku upande wa pili anagonga na kuimba. Haimbi vizuri. Sauti inapanda mahali pa kushuka, na ikifika juu kabisa inachanika kama kitambaa kilichonasa kwenye msumari. Wote tunajua. Mama husema, "Mimi nilipenda mikono yake, si koo lake."

Bibi, mama yake baba, alipofariki mwezi wa kumi na mbili, baba akanyamaza. Wiki tisa. Nilisikia nyundo tu. Nilikuwa nasoma ukurasa mmoja mara tatu na hauingii, kwa sababu ya kimya. Halafu mchana mmoja akaimba, wimbo aliomtungia Bibi. Niliacha kitabu nikaenda mlangoni. Alipomaliza akaniona, akafuta vumbi la sponji usoni, akauliza, "Jaji, ngapi?"

Nikasema tisa. Nilimpa tisa kwa sababu ameimba. Yeye akasikia kwamba ameimba vizuri.

Jana baada ya kipindi akatoa karatasi mfukoni. Amejaza fomu ya *Zamu Yako*.

"Mtu ambaye hajawahi kumpa binadamu nane," akamwambia mama, "amenipa mimi tisa. Sasa nasubiri nini?"

Mama akaniangalia. Mimi nikaangalia zulia.

Jumanne, 11 Machi

Mvua zimeanza. Baba anafanya mazoezi. Mvua juu ya mabati haitoshi kumfunika.

Alhamisi, 13 Machi

Mazoezi. Mdogo wangu, ambaye tunamwita Redio kwa sababu kila anachosikia anakirudia, sasa anauimba ule wimbo bafuni. Anauimba vizuri kuliko mwenyewe.

Jumamosi, 15 Machi

Leo ilikuwa mchujo. Baba aliondoka alfajiri na shati lake la bluu, mama akampa mwavuli. Alirudi saa kumi, ameloa mpaka soksi, anang'aa.

"Nimepita!"

Redio akaruka. Mama akasema, "Kaa kwanza, vua viatu." Baba hakukaa. Alisimulia akiwa amesimama katikati ya chumba, maji yanamchuruzika.

"Foleni imezunguka jengo mara mbili. Kila mtu anaimba kidogo mbele ya vijana watatu wenye makaratasi, hao si majaji, hao ni wachujaji. Mimi sikufika hata kiitikio. Wakaangaliana, yule dada akasema, 'Baba, wewe ni wetu.' Akanibandika hii." Akatutolea kifua. Stika ya njano. "Wengi wamepewa kijani. Wa njano tulikuwa wachache. Tumepelekwa chumba chetu, tumepewa chai, na viti vya maana. Sponji nzuri ile, niliibonyeza."

"Wengine wa njano ni akina nani?" nikauliza.

"Aa!" Akaanza kucheka. "Kuna mama amejishonea gauni la pazia, na pete zake za pazia humohumo, anaimba huku anazunguka, anagonga kwaragwa kwaragwa. Kuna kijana anacheza huku anataja jedwali la kuzidisha, na saba mara nane anakosea. Kuna bwana ana kuku kwapani. Nikamuuliza, kuku wa nini? Akasema, 'Yeye ndiye anayeanza.'" Akajifuta machozi. "Jamani, mwanangu, watu wengine hawajijui kabisa. Sijui kwao hawana hata mtu mmoja wa kuwaambia."

Redio alicheka, mama akaenda jikoni.

Mimi wa njano nawajua. Nimekuwa nao kila Jumamosi miaka miwili. Nilikuwa sijui tu kwamba wanabandikwa stika.

Jumatatu, 17 Machi

Nilimfuata mama wakati anapiga pasi sare yake ya kliniki. Nikamwambia sauti ya baba haifai.

"Najua," akasema.

"Mbona humwambii?"

"Nimemwambia miaka kumi na minane. Mimi nikisema, anasema nina wivu na kipaji chake." Akageuza mkono wa sare. "Wewe ndiye Jaji. Ulimpa ngapi vile?"

Hakuniuliza tena. Pasi ikaendelea.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Jaribio la historia: 88.

Jumamosi, 22 Machi

Kwenye kipindi ametokea mwanamke mwembamba, mpishi wa shule, aliyesema anaigiza sauti za wanyama ishirini. Wote ishirini walikuwa mbuzi. Jaji wa Miwani akauliza, "Mama, nani alikuambia unaweza?" Mwanamke akasema, "Wanafunzi wangu." Ukumbi ukalipuka.

Baba akapunguza sauti. "Jaji, soma."

Nilikuwa nimeandika mbili na mzaha kuhusu zizi. Lakini nikawaza: wanafunzi wake nao wako nyumbani sasa hivi, wanamtazama. Nikasema, "Nne."

"Nne!" baba akashangaa. "Jaji, leo umelainika. Unaumwa?"

Jumamosi, 29 Machi

Siku ya kurekodi. Hakuruhusiwa kwenda na mtu. Alibeba nyundo na kile kigoda chake cha kazi, kwa sababu wachujaji walimpigia simu kumwambia aje na vitu vya ufundi, aimbe huku anagonga. "Wanataka watu wanione nilivyo," akasema.

Mchana kutwa sikuweza kusoma. Nilipanga vitabu vyangu kwa ukubwa, kisha kwa rangi, kisha nikavirudisha.

Alirudi magharibi. Hakupita, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa.

"Wamesema sauti yangu haifai kwa mashindano ya mwaka huu. Mwaka huu! Lakini mngeuona ukumbi! Watu wamesimama. Wanapiga makofi, wanapiga miguu. Na Jaji wa Miwani..." Akasita, akatuangalia mmoja mmoja. "Alilia. Haki ya Mungu. Alivua miwani akafuta macho. Wimbo wa mama yangu ulimtoa machozi yule mwanamke."

Mama akamshika bega akasema, "Hongera, baba watoto." Ilimchukua muda kulisema.

Baba akatoa bahasha. "Tena wamenipa nakala ya mkataba. Itaonyeshwa tarehe kumi Mei. Jaji, nitunzie, wewe ndiye mtu wa makaratasi."

Jumapili, 30 Machi

Nimeusoma mkataba. Kurasa sita, herufi ndogo. Kifungu cha kumi na moja: mshiriki anakubali picha na sauti yake zikatwe, ziunganishwe na kuongezewa milio "kwa namna yoyote itakayoleta burudani". Kila ukurasa chini kuna sahihi ya baba, ile anayoweka kwenye risiti za makochi, na mkia wake mrefu. Ameiweka kwa uangalifu mara sita.

Hakusoma hata mstari. Kama ningekuwepo ningesoma. Ningesoma, na halafu ningesema nini?

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Barabara ya shule imekuwa tope tupu. Baba amemaliza makochi ya mwalimu mkuu mstaafu, akaimba tangu saa mbili hadi saa sita.

Jumamosi, 12 Aprili

Baba amewaalika watu waje kutazama siku hiyo: Mama Duka na mume wake, muuza vitambaa, mwalimu mstaafu, seremala na wanawe wanne. Sebule haitoshi, kwa hiyo wataketi karakanani na televisheni itahamishiwa huko. Ameanza kutengeneza benchi mbili ndefu kwa ajili ya wageni. Ametumia kitambaa chekundu, kile cha akiba alichokuwa anakiweka kwa mteja mkubwa.

Nilishika upande wa pili wa kitambaa wakati anakivuta. Misumari midogo alikuwa nayo mdomoni, ndivyo anavyofanya kazi siku zote: anaipanga katikati ya midomo, anatoa mmoja mmoja kwa ulimi. Akiwa na misumari hawezi kuimba, anaguna tu. Na leo ndiyo mara ya kwanza nimesikiliza kweli. Akiguna, hakosei. Sauti inakaa chini, pana, imetulia, na wimbo wa Bibi unasikika kama ulivyo. Nilitaka kumwambia. Lakini ningemwambia hilo ningelazimika kumwambia na lile lingine.

Nikashika kitambaa.

Jumatano, 23 Aprili

Tangazo la kipindi limeanza kuonyeshwa. Baba yumo, sekunde tatu. Mdomo wazi, nyundo juu, kisha majaji wameinamisha vichwa mezani, mabega yanatikisika. Juu yake wameweka mlio wa mlango usiotiwa mafuta.

Baba aliita nyumba nzima. "Kati ya watu wote wale wameniweka mimi kwenye tangazo!" Mama Duka alikuja kumpongeza akiwa ameshikilia upindo wa kanga mdomoni. Nilimwona alipotoka. Alifika kwenye kona ya ukuta akaegemea, akacheka bila sauti mpaka akachutama.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo ni siku mbaya na nataka kuiandika kama ilivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Darasani kwetu kuna mvulana tunayemwita Spika, maana mwalimu akitoka tu yeye anaanza kikao. Leo mwalimu wa jiografia alichelewa. Spika akapanda juu ya dawati, akashika rula kama nyundo, akapanua mdomo, akatoa ule mlio wa mlango. Kila mtu alijua ni nini. "Mzee wa Misumari!" wakapiga kelele. Akapita mstari kwa mstari akiuliza alama, kipaza sauti chake kalamu. "Wewe? Sifuri! Wewe? Nusu!" Hakuna anayejua ni baba yangu. Hakuna anayejua chochote kuhusu mimi.

Akafika kwangu. "Na wewe bubu wa maktaba, mzee unampa ngapi?"

Wangeweza kuniruka. Ningeweza kutikisa kichwa. Nikasema, kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, "Moja. Na hiyo ni ya nyundo."

Darasa zima likaanguka. Spika akanishika mkono akauinua juu kama mshindi. "Kumbe anaongea! Kumbe ana makali!" Mtu nyuma yangu alinipiga begani kwa upendo.

Nilifurahi. Dakika nzima nilifurahi, mwili mzima ukawa na joto. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Nilipofika nyumbani baba aliniuliza shule ilikuwaje. Nikasema nzuri. Akasema, "Leo naona uso wako umechangamka."

Ijumaa, 25 Aprili

Spika amenisalimia. "Mambo, Mheshimiwa Jaji." Hajui kwamba jina hilo ni la nyumbani.

Jumamosi, 3 Mei

Imebaki wiki moja. Benchi zimekamilika.

Jumanne, 6 Mei

Nilimfuata baba karakanani nimwambie. Nikamuuliza kama anataka chai.

Alhamisi, 8 Mei

Umeme umekatika tangu jana. Nimeomba usirudi mpaka Jumapili.

Ijumaa, 9 Mei

Umerudi.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi mvua ilikuwa kubwa, karakana inanguruma. Baba alikuwa anamalizia ukingo wa benchi ya pili, misumari mdomoni, anaguna. Nilisimama mlangoni palepale niliposimama siku ile. Nikasema haraka kabla miguu haijanigeuka.

"Baba, zile tisa hazikuwa za kweli."

Akaendelea kugonga msumari mmoja hadi ukazama. Kisha akaanza kutoa iliyobaki mdomoni. Alitoa mmoja mmoja, akaupanga kila mmoja mezani, kichwa upande uleule. Ilikuwa saba.

"Zilikuwa ngapi?"

"Tatu."

"Kwa kumi?"

"Kwa kumi."

Mvua ikapiga. Akashika ukingo wa benchi, akaubonyeza kwa kidole kama anayeangalia sponji imekaa sawa.

"Hizo tatu ni za nini?"

"Moja ya maneno, maneno ni mazuri. Moja kwa sababu hukusahau hata mstari. Na moja kwa sababu ukiguna na misumari mdomoni unaimba vizuri kabisa, baba, kweli kabisa, ila ukifungua mdomo unausukuma."

"Nausukuma."

"Ndiyo."

"Na yule jaji. Yale machozi."

"Alikuwa anacheka. Stika ya njano ni ya watu wa kuchekwa. Leo wataonyesha hivyo."

Alikaa kwenye benchi aliyowatengenezea wageni. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliangalia viganja vyake, akasema, "Kwa hiyo yule bwana wa kuku aliniangalia kama nilivyomwangalia." Kisha: "Kwa nini hukuniambia kabla sijapanda jukwaani?"

"Ulikuwa umenyamaza wiki tisa. Nikaogopa utanyamaza tena."

Halafu uso wake ukabadilika, kama aliyekumbuka kitu alichokiacha motoni. Akasimama.

"Leo jioni usikae hapa. Nenda kwa shangazi yako. Ulale huko."

"Baba, nisamehe."

"Sijasema kuhusu kusamehe. Nimesema uende."

"Nitakaa," nikasema. Sijawahi kumkatalia baba kitu. Alichukua ule msumari wa kwanza kwenye safu.

Nilidhani ananifukuza.

Wageni walifika kabla ya saa moja, miavuli ikapangwa mlangoni. Mama alimuuliza kwa sauti ya chini kama awarudishe. Nilimsikia akijibu, "Watu nimewaita mwenyewe. Washa."

Alitokea wa tatu. Walimwonyesha akibonyeza sponji ya kiti kwenye chumba cha kusubiri, wakairudia mara nne. Kisha jukwaani, kigoda, nyundo. Sauti yake ilipopanda wakaweka ule mlango. Ilipochanika wakaweka mlio wa kitambaa kikichanwa, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu mimi niliwahi kuliandika humu, na mtu mwingine asiyetujua amelisikia vilevile. Wana wa seremala walianza kucheka, baba yao akawapiga jicho. Mama Duka aliangalia sakafu.

Jaji wa Miwani akavua miwani, akafuta macho. Akauliza taratibu, kama anavyouliza siku zote:

"Mzee wangu, nani alikuambia unaweza?"

Na baba, kwenye televisheni, amenyooka, nyundo mkononi, akasema: "Binti yangu. Ana miaka kumi na sita. Kwetu yeye ndiye jaji, na hapendelei mtu. Amenipa tisa."

Ukumbi ukalipuka. Jaji wa Miwani akasema, "Basi huyo binti ama hasikii, ama hakupendi." Wakacheka zaidi. Baba akacheka nao, anainamisha kichwa kuwashukuru.

Ndipo nilipoelewa kwa nini alitaka niende kwa shangazi.

Karakanani, Redio alikuwa ameshika mkono wa mama. Baba akainuka, nikadhani anazima. Alipunguza sauti. Akarudi kukaa karibu yangu na kusema bila kunitazama:

"Jaji, soma."

Daftari lilikuwa magotini, sikuwa nimeandika kitu. "Tatu," nikasema.

"Mmesikia," akawaambia wageni. "Tatu. Huyu anasikia vizuri."

Akaongeza sauti, tukatazama mpaka mwisho. Bwana wa kuku alikuja baadaye kidogo. Kuku hakuanza. Baba hakucheka, na hakuniomba alama.

Jumapili, 11 Mei

Nyundo tu.

Jumatatu, 12 Mei

Asubuhi kabla sijatoka nilisimama ukutani kusikiliza. Nyundo. Sikusikia mguno.

Shuleni Spika alikuwa tayari juu ya dawati kabla ya kengele. Leo hakuigiza kuimba. Aliigiza lile jibu: amenyooka, rula mkononi, "Binti yangu! Hapendelei mtu!" Wenzangu wanagonga madawati. "Jamani, huyo binti ni nani?" akauliza. "Ni kiziwi? Tumchangie, tumpeleke akazibuliwe masikio!" Akaniona naingia. "Mheshimiwa Jaji! Njoo utoe hukumu. Huyo binti naye anapata ngapi?"

Niliweka mkoba wangu kwenye dawati. Nilipita mbele, mahali ambapo huwa nasimama nikilazimishwa tu, nikawageukia. Mikono nikaishika nyuma.

Nikasema, "Huyo binti ni mimi. Yule fundi ni baba yangu. Nyumbani nilimpa tisa, hapa nikampa moja, na mara zote mbili nilidanganya. Ni tatu."

Spika alishuka kwenye dawati. Sikusubiri mtu aseme kitu. Nilirudi kwenye nafasi yangu, nikakaa, nikafungua kitabu cha hesabu ukurasa wa themanini na moja, nikaanza swali la kwanza.